Mgonjwa wa kisukari na fomu ya bima: Nani anamficha nani?

Ndugu msomaji, siku moja baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinifuata barazani akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Mzee huyu ni fundi cherehani wa siku nyingi. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu tatu za bima ya afya alizoachiwa na mawakala watatu tofauti. Kijana wake anayeuza vipuri vya magari alikuwa amemwambia, "Baba, chagua moja, mimi nitalipa." Basi akaniomba nimsomee, nimlinganishie, kisha nimjazie ile itakayomfaa.

Tulianza vizuri. Jina, umri, namba ya kitambulisho, majina ya wategemezi. Tulipofika ukurasa wa pili tukakuta swali linalouliza kama mwombaji amewahi kuambiwa na daktari kuwa ana kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ya figo. Mzee ana kisukari, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Nilipomtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Hapo weka hapana, mwanangu."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mzee wangu, hili ni tamko, na chini yake utatia saini." Akanijibu kwa maneno ambayo hadi leo sijayasahau. Alisema, "Nikienda dukani na mwenye duka akaniuliza nina njaa kiasi gani, ili kadiri nilivyo na njaa ndivyo anipandishie bei ya unga, je, nina wajibu wa kumjibu ukweli?"

Swali la mzee ndilo lililonifanya niandike makala hii. Wengi wetu tunalichukulia kuwa jambo jepesi: uongo ni uongo, basi. Lakini ukilitazama kwa makini utaona kwamba kuna mambo mawili yamefungwa pamoja. La kwanza ni la mgonjwa: je, anaruhusiwa kuficha maradhi yake ili apate kinga? La pili ni la mwenye bima: je, ana haki ya kuuliza maradhi ya mtu kwa nia ya kumkataa? Anayejibu la kwanza bila kuligusa la pili amemwonea mgonjwa. Na anayejibu la pili bila la kwanza amewaonea wanachama wengine ambao nao wana wagonjwa wao.

Kwanza tuujue uzito wa jambo lenyewe. Kisukari si homa ya siku tatu. Ni ugonjwa ambao mwili ama hautengenezi insulini, ama unaitengeneza isiyotosha, ama unashindwa kuitumia. Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana, na hao wasipopata insulini hawaishi. Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, na mara nyingi mtu hukaa nayo miaka bila kujijua. Sukari ikiachwa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo na mikubwa: macho hupungua nguvu, figo huchoka, miguu hufa ganzi na kidonda kidogo huishia kwenye kukatwa mguu, na moyo nao huingia hatarini. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana tatizo hili. Kwa maana hiyo, katika safu moja ya msikitini hutakosa mtu mwenye sukari.

Ugonjwa wa namna hii hauli fedha nyingi kwa siku moja, bali hula kidogo kidogo kila siku. Kuna dawa za kila mwezi, vijikaratasi vya kupimia sukari kwenye mashine, sindano, vipimo vya figo, na kupimwa macho kila mwaka. Anayelipa kila kitu mfukoni hufika mahali akaanza kupunguza mwenyewe. Anameza kidonge kimoja badala ya viwili, anapima sukari mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Akiba hiyo ya shilingi chache ndiyo inayokuja kulipwa kwa mguu au kwa figo.

Inafaa tukumbuke pia insulini ilikotoka. Iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Mwaka 1923 wenye haki ya ugunduzi ule waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. Walikuwa na nafasi ya kutajirika, lakini waliona kitu kinachomtoa mtu kaburini hakifai kuwa mtaji wa kumkamua. Imepita miaka mia moja, na bado duniani wapo wanaokufa kwa kuikosa.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Hoja yake ina nguvu kuliko inavyoonekana. Anasema kwamba swali la kwenye fomu halikuulizwa kwa ajili ya kumtibu, kwani anayetaka kumtibu ni daktari, na daktari anaujua ugonjwa wake wote. Limeulizwa ili ama akataliwe, ama apandishiwe ada, ama aambiwe kwamba atatibiwa kila kitu isipokuwa kisukari, yaani kila kitu isipokuwa kile kilichompeleka kutafuta bima. Kwa mantiki yake, ukweli unadaiwa na mwenye haki nao. Jambazi akikuuliza fedha zimewekwa wapi, humjibu.

Je, mwenye bima ni jambazi? Hapa ndipo ninapoona hoja ya mzee inateleza. Fedha anayolipwa mgonjwa haitoki katika mfuko wa mwenye kampuni tu. Inatoka kwanza katika michango ya wanachama. Bima, ukiivua majina yake yote, ni watu wengi wasiojuana waliokubali kuweka fedha mahali pamoja, ili yule atakayefikwa na balaa asifikwe peke yake. Kampuni ni mtunza chungu. Kwa hiyo anayeingia kwa kauli isiyo ya kweli, wa kwanza kumdanganya ni mama lishe wa Tandika na dereva wa bodaboda wa Buguruni waliolipa michango yao wakiamini kwamba kila aliyemo ndani ameingia kwa mlango ule ule.

Mfano wa karibu tunao. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na mpango wa watoto, Toto Afya Kadi, ambao mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Ulikuwa mpango mwema na uliwasaidia wengi. Lakini mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba wengi walikuwa wakisajiliwa wakiwa tayari wagonjwa, na gharama za matibabu zikawa kubwa kuliko michango. Wazazi waliowasajili watoto wao wagonjwa hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja peke yake alifanya ambalo mzazi yeyote angelifanya. Lakini matendo ya watu wema mmoja mmoja yalipokusanyika, chungu kikatoboka, na walioumia ni watoto wengine waliokuja baadaye. Wachumi wanalifahamu tatizo hili kwa muda mrefu. George Akerlof wa Marekani aliandika mwaka 1970 jinsi soko linavyoharibika pale upande mmoja unapojua kasoro ambayo mwingine haijui, na miaka 31 baadaye alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya namna hiyo.

Katika mafunzo ya dini yetu, kisa cha Mtume (s.a.w.) na muuza nafaka sokoni kinafahamika. Alitia mkono ndani ya lundo akakuta chini kumelowa ilhali juu kumekauka, akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Tunapokisimulia huwa tunawaza wafanyabiashara tu. Lakini na mnunuzi wa bima naye ana lundo lake. Juu ameandika kwamba yu mzima, na chini kumelowa. Kwa hiyo nilimwambia mzee wazi kwamba sitaandika hapana.

Ama upande wa pili, nao una lundo lake. Je, mwenye bima anaonyesha nafaka yake yote? Fomu zile tatu tulizozisoma barazani zilikuwa na kurasa za mbele zenye picha za familia zinazocheka. Masharti yenyewe yalikuwa nyuma, kwa herufi ambazo mzee mwenye macho yaliyoguswa na sukari hawezi kuzisoma hata kwa miwani. Ya kwanza ilisema kwamba maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga hayatagharimiwa. Ya pili iliyakubali baada ya kipindi cha kusubiri cha miezi kumi na miwili. Ya tatu iliyakubali mapema zaidi, lakini iliweka ukomo mdogo wa fedha kwa mwaka kwa maradhi yote sugu kwa pamoja, na ilisema mwanachama akifikisha umri fulani hatahuishiwa tena. Wakala aliyeileta hiyo ya kwanza alikuwa amemwambia mzee kwa kinywa chake, "Bima yetu inatibu kila kitu."

Sasa nauliza, huyu wakala na mzee anayetaka kuandika hapana, wana tofauti gani? Wote wawili wamekausha juu na kuacha chini kumelowa.

Jambo hili hata sheria ya bima yenyewe inalijua. Kanuni kwamba bima ni mkataba wa nia njema ya hali ya juu ilielezwa na jaji wa Kiingereza, Lord Mansfield, mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm. George Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza huko Sumatra, akaikatia bima dhidi ya kutekwa na adui. Wafaransa wakaiteka, na mwenye bima akakataa kulipa akidai kwamba gavana alimficha udhaifu wa ngome. Mansfield alieleza kwamba nia njema inazifunga pande zote mbili, mkata bima na mtoa bima, na kwamba kila mmoja amekatazwa kuficha anachokijua yeye peke yake. Kisha akamhukumia Carter ushindi, kwa kuwa mambo yale mwenye bima alikuwa na uwezo wa kuyajua au kuyauliza. Ajabu ni kwamba siku hizi kanuni hii hutajwa zaidi pale mgonjwa anaponyimwa malipo. Nusu yake ya pili, ile inayomfunga mtoa bima, huisikii sana.

Kwa hiyo pande zote mbili zina wajibu wa kusema kweli. Lakini hapo hatujafika bado kwenye mzizi. Tuseme mzee amesema kweli, na kampuni nayo imesema kweli: "Mzee, wewe una kisukari, hatukutaki." Hakuna aliyedanganya. Je, haki imetendeka?

Wako wanaosema ndiyo. Hoja yao ni kwamba haki ni kila mtu kulipa kulingana na hatari anayoileta. Mwenye nyumba ya makuti hulipa zaidi kwa bima ya moto kuliko mwenye nyumba ya tofali, na hakuna anayelalamika. Basi na mwenye kisukari alipe zaidi kuliko mzima.

Mfano huu unapendeza lakini una ufa. Mwenye nyumba ya makuti anaweza kuezeka bati, lakini mtoto wa miaka saba mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kubadilisha kongosho lake. Hakula vibaya, hakufanya uvivu, wala hakukosa lolote. Kumtoza zaidi kwa kitu asichokichagua ni kumwongezea adhabu juu ya mtihani. Tena ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, bima yenyewe inakufa. Kama kila mmoja atalipa sawasawa na hatari yake, basi mwisho wake kila mmoja anajilipia mwenyewe, na chungu cha pamoja hakina kazi tena.

Atasimama mwingine aseme, "Hao wa aina ya kwanza sawa, lakini hawa wa aina ya pili wamejitakia. Wanakula chapati na soda, hawatembei, kisha wanataka sisi tuwalipie." Maneno haya nimeyasikia hata kutoka kwa watu wa heshima. Majibu yangu ni mawili. Kwanza, kisukari cha aina ya pili kina sehemu kubwa ya urithi wa ukoo, na umri nao una sehemu yake. Wako wanene wasioupata na wembamba wanaoupata. Hakuna fomu inayoweza kupima ni kiasi gani ni kosa la mtu na kiasi gani ni kudra. Pili, hatuna desturi ya kumuuliza anayezama kwa nini aliingia majini kabla ya kumtupia kamba. Tunamtoa kwanza, nasaha zinafuata baadaye.

Hata hivyo nasaha zipo, wala sizifichi. Aliyetiwa ndani ya chungu cha wenzake ana deni la kujitunza. Mgonjwa anayeacha dawa kwa makusudi, anayekunywa chai ya sukari vijiko vinne akisema "nina kadi", huyo anachezea amana ya watu. Kusaidiwa na wenzako hakukuondolei wajibu wa kujisaidia mwenyewe.

Kama basi si haki mgonjwa kuficha, na si haki mgonjwa kukataliwa, njia ni ipi? Tutazame wengine walivyofanya, na sisi wenyewe tulivyofanya.

Mfuko wa Taifa ulipoanza mwaka 2001 kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza na watumishi wa serikali. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Hakuna aliyeulizwa kama ana kisukari. Mwalimu mwenye sukari na mwalimu mzima walichangia asilimia ile ile. Siri ya kuwezekana kwake ilikuwa moja: hakuna mtumishi aliyekuwa na hiari ya kubaki nje. Mzima hakuweza kusema nitangoja niugue. Kwa watu wa vijijini ulikuwepo Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na maboresho yake ya mwaka 2018 yaliifanya kaya ya watu sita ichangie shilingi 30,000 kwa mwaka. Huo ulikuwa wa hiari, na mambo ya hiari tumeona yanavyokuwa.

Wenzetu wa Kenya walianza mfumo mpya Oktoba 2024, ukichukua nafasi ya mfuko wa zamani uliodumu tangu 1966. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75, na sheria yao ya mwaka 2023 iliweka mfuko wa pekee kwa ajili ya dharura na maradhi sugu. Mfumo huo umekutana na malalamiko mengi, lakini wazo la kwamba maradhi sugu yabebwe na taifa zima badala ya kumwachia mgonjwa na wakala wake lina maana kubwa.

Marekani, nchi ya makampuni makubwa ya bima, ilikuwa jambo la kawaida mwenye kisukari kukataliwa. Sheria yao ya mwaka 2010, ambayo kipengele hicho kilianza kutumika kwa watu wazima mwaka 2014, ilipiga marufuku kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa alionao. Lakini angalia, ndugu msomaji, walichoambatanisha nacho: kila mtu alitakiwa awe na bima ama alipe faini, na wenye kipato kidogo wakasaidiwa kulipa. Faini hiyo iliondolewa kuanzia mwaka 2019, ila misaada ikabaki kuwa ndiyo inayowavuta watu kuingia. Funzo ni kwamba ukimkataza mtunza chungu asiulize maradhi, ni lazima utafute namna ya kuwaingiza wazima nao, ama kwa amri ama kwa kuwapunguzia mzigo.

Na sisi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo msingi wake ni huo huo, kila mkaazi awe na bima. Zanzibar nao waliunda Mfuko wa Huduma za Afya mwaka huo huo. Kuandika sheria ni jambo moja na dawa kuwepo dirishani ni jambo jingine, lakini mwelekeo ni wa haki.

Hapa ndipo lawama inapohama, na naomba msomaji mzima wa afya asinikasirikie. Tumemsema mzee anayeficha ugonjwa ili aingie. Lakini yupo kijana wa miaka 28, ana kazi, ana simu ya gharama, kila akiambiwa habari ya bima anasema, "Mimi siumwi, nitajiunga nikianza kuumwa." Huyu anafanya nini? Anafanya kile kile anachotaka kukifanya mzee. Anataka kuchota chunguni siku ya shida bila kutia kitu siku ya neema. Tofauti yao ni kwamba mzee anasukumwa na hofu, na kijana anasukumwa na ubahili. Kama wazima wote wangeingia mapema, fomu isingelazimika kuwa na lile swali. Swali lile lipo kwa sababu ya kijana, na anayelipa gharama yake ni mzee.

Ama kwa wale ambao kikwazo chao ni cha kidini, suala hili lina majibu. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah Desemba 1985, likaona kwamba bima ya kibiashara ya ada maalumu ina utata mkubwa unaoharibu mkataba, na likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano ambayo msingi wake ni kuchangiana. Hiyo ndiyo takaful, ambayo kampuni yake ya kwanza ilianza Sudan mwaka 1979, na hapa kwetu mamlaka ya bima ilitoa mwongozo wake mwaka 2022. Asili yake ni kongwe zaidi. Tunafahamu habari za watu wa kabila la Ash'ari, walioposifiwa na Mtume (s.a.w.) kwa desturi yao ya kukusanya chakula chote kilichobaki katika nguo moja wakipungukiwa, kisha wakagawana sawasawa. Hakuna palipotajwa kwamba waliulizana nani amekuja na tumbo kubwa.

Kwa hiyo nawaambia na wenye takaful bila kuoneana haya: jina peke yake halitoshi. Kama kifurushi chenye jina la kuchangiana kinamfungia mlango mwenye kisukari kama kinavyofungwa na wengine, basi kilichobadilika ni kibao cha nje.

Kabla sijamaliza, nimpe msomaji mwenye sukari, au mwenye mzazi mwenye sukari, mambo ya kuuliza anapolinganisha bima, kwani ndiyo niliyoyauliza kwa ajili ya mzee. Uliza kama maradhi uliyo nayo yanagharimiwa, na kuanzia mwezi wa ngapi. Uliza ukomo wa fedha kwa mwaka, na kama maradhi sugu yana ukomo wao mdogo ndani ya ule mkubwa. Uliza kama dawa za kuchukua bila kulazwa zimo, maana mwenye kisukari analazwa mara chache na anachukua dawa kila mwezi. Uliza insulini ya aina gani, na kama vijikaratasi vya kupimia vimo au unajinunulia. Uliza habari ya macho, vidonda vya miguu na kusafisha damu figo zikichoka. Uliza mwisho wa umri wa kuhuisha, na kama ada itapanda baada ya wewe kuugua. Uliza hospitali gani ya karibu na kwako inaipokea kadi hiyo. Na kila jibu la wakala, mwambie akuonyeshe lilipoandikwa. Asipoweza kukuonyesha, lihesabu kuwa halipo. Bima ya bei ndogo isiyotoa dawa ya kila mwezi ni ghali kwa mwenye kisukari kuliko ile ya bei kubwa inayotoa.

Mzee wangu tulimwandikia ndiyo. Tulichagua fomu ya pili, ile ya kusubiri miezi kumi na miwili. Alipotia saini alinitazama akasema, "Ukweli wako huu, mwanangu, nitaulipia mwaka mzima." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alisema kweli. Mimi niliyemkataza uongo nilirudi nyumbani nikala chakula cha usiku bila kupima sukari, na yeye alirudi kuhesabu vidonge.

Siku mbili baadaye nilizungumza na majirani wanne tunaokaa naye barazani. Tukakubaliana kwamba kila mwezi tutatoa kitu cha kumwezesha kununua dawa na vijikaratasi hadi miezi ile iishe. Hatukufanya hivyo kwa hisani. Tuliona kwamba kama sisi ndio tunaomtaka mtu aseme kweli mahali ambapo kweli inamgharimu, basi si haki gharama hiyo ailipe peke yake. Kijana mmoja kati ya hao wanne, ambaye siku zote alikuwa akisema atajiunga na bima akianza kuumwa, wiki iliyofuata aliniomba ile fomu ya tatu akaisome.

Wallahu a'lam.